Kirusi nilikitoa, mafaili hayakurudi

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia saa nane usiku, na mtu akikuandikia saa nane usiku kuhusu kompyuta ujue hali ni mbaya. Ujumbe wenyewe mfupi tu: "Kaka, picha zangu zote zimegeuka vikaratasi vyeupe, nimeskani nimefuta virusi vyote lakini bado hazifunguki, nifanyeje?" Nikakaa na simu mkononi tumbo limenivuruga, maana hayo mambo yalishanikuta mimi mwenyewe na mpaka leo sijayasahau.

Kwenye ukoo wetu mimi ndo fundi. Simu ya shangazi ikigoma naitwa mimi, printa ikila karatasi naitwa mimi, na nilikuwa najisikia kweli, nisidanganye. Si unajua sisi tunaotaka kuishi kwa laptopu, tunaedit video za watu, tunaota siku moja tuwe na studio zetu, tunaona virusi ni ugonjwa wa wale wanaobonyeza kila kitu. Sasa siku hiyo nilikuwa na kazi ya haraka, nikahitaji programu ya kurekebisha rangi, ya kulipia, nikatafuta kraki, yaani kiprogramu cha kuvunja leseni ili uitumie bila kulipa. Maelekezo yalisema zima antivairasi kwanza la sivyo itaifuta kraki. Nikazima. Kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenishikia kisu.

Ikatokea dirisha la Windows inajisasisha, asilimia zinapanda taratibu, na mimi nikaona sawa tu, nikaenda kuoga. Lile dirisha lilikuwa feki. Limewekwa pale ili ukisikia kompyuta imekuwa nzito na diski inafanya kazi kama kichaa usishtuke. Narudi, kila faili lina jina lake la zamani halafu mwishoni limeongezewa nukta na herufi nne ambazo sijawahi kuziona, na kwenye kila folda kuna kikaratasi kinaitwa _readme.txt. Nikafungua. Kinaanza kwa upole kabisa, eti usijali, unaweza kurudisha mafaili yako yote, lipa dola 980, na ukiwasiliana nasi ndani ya saa 72 tunakupunguzia nusu unalipa 490, halafu ututumie faili moja tukufungulie bure kama ushahidi. Mwizi anakupa ofa kama yuko sokoni!

Baadaye ndo nikajua hii ni familia ya ransomwea, yaani virusi vinavyofunga mafaili mpaka ulipe, inaitwa STOP, wengine wanaiita Djvu kwa sababu mojawapo ya zile nukta za mwanzo ilikuwa .djvu, na imewakamata sana watu wa nyumbani kwa njia hiyo hiyo ya kraki. Kwa hiyo kuitambua si kazi: jina la faili limeongezewa mkia, kikaratasi cha madai kiko kila folda, na hata ukiufuta ule mkia faili halifunguki. Tofautisha na ule ukurasa wa intaneti unaojaa skrini nzima na king'ora, eti kompyuta yako imefungwa piga namba hii. Ule ni ukurasa tu, bonyeza Ctrl, Alt na Delete, ingia Task Manager, ua brauza, umemaliza.

Sasa kosa langu kubwa lilikuja hapa, na ndo maana naandika. Nilikuwa na bekapu kwenye flashi. Nikacheka kabisa, nikasema hawa hawanijui, nikachomeka flashi nianze kurudisha mafaili. Kama dakika nne tano hivi naangalia, jina la kwanza limebadilika, la pili, la tatu, mbele ya macho yangu, ndani ya flashi yenyewe. Nikaichomoa, imechelewa. Kumbe kirusi hiki kinajiandikia ratiba ndani ya Windows, kazi inaitwa Time Trigger Task, inakiamsha kila dakika tano kiende kutafuta faili jipya la kufunga. Bekapu ya miaka mitatu nimempelekea mwenyewe mdomoni.

Kukitoa hakukuwa kugumu, hapo sitaki kukupotezea muda. Nikakata intaneti, nikachomoa kila kitu, nikawasha kwa Safe Mode, ile Windows inawaka na vitu vya lazima tu, nikafuta ile ratiba, nikaskani kwa Defender Offline, antivairasi ya Windows yenyewe, ile inayofanya kazi kabla Windows haijawaka, na nikasafisha faili la hosts, ile orodha ya anwani Windows inayoiangalia kabla ya kufungua tovuti, kwa sababu kirusi kilikuwa kimeandika humo tovuti za usalama ili nisiweze kuzifungua. Skani ikaja safi. Nikapiga kelele ya furaha chumbani peke yangu, nikafungua picha ya kwanza, haifunguki.

Hapa ndo anaposimama yule aliyeniandikia, na ndo wengi tunapochanganyikiwa. Kutoa kirusi na kufungua mafaili ni vitu viwili tofauti kabisa. Umemfukuza mwizi ndani ya nyumba sawa, ila kufuli alilofunga ni lake na ufunguo kaondoka nao. Hakuna antivairasi duniani inayofungua kufuli hilo kwa kuskani.

Kwa aibu sikumwambia mtu nyumbani, nikatafuta mtaalamu mtandaoni. Akaniambia anao uwezo, nimtumie faili moja. Nikamtumia picha, kesho yake kairudisha imefunguka safi! Nikalipa nusu ya hela aliyotaka, akapotea mpaka leo. Ilinichukua wiki nzima kugundua alichofanya: aliwatumia wale wale wezi picha yangu, wakamfungulia bure kama kikaratasi kinavyosema, akaja kuniuzia ushahidi wa mwizi. Huwa nalifikiria hili nikiwa naosha vyombo mpaka nasaga meno. Ndugu zangu, mtu yeyote anayekufungulia faili moja hajathibitisha kitu, moja wanafungua hata wezi.

Msaada wa kweli ni wa bure, na hili nalisema kwa herufi kubwa kama ningeweza. Kuna mradi unaitwa No More Ransom, ulianzishwa 2016 na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, na polisi wa Uholanzi pamoja na kampuni za usalama, unapakia kile kikaratasi na faili moja lililofungwa unaambiwa ni kirusi gani na kama kuna ufunguo. Kwa hii Djvu, kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya kufungua Oktoba 2019. Zile za zamani kabla ya Agosti mwaka huo nyingi zinafunguka. Zile mpya inategemea: kirusi kikishindwa kufika kwenye seva yao siku kinapofunga, kinatumia ufunguo wa akiba ambao ni mmoja kwa watu wengi, na huo ukishapatikana watu wote wanafaidika. Kikifika kwenye seva, unapata ufunguo wako peke yako, na hapo pole. Mimi intaneti yangu siku hiyo ilikuwa inakimbia kama swala.

Lakini usifute kitu. Kirusi hiki kwa haraka zake kinafunga kama KB 150 tu za mwanzo wa kila faili. Nyaraka nyingi hazifiki hata ukubwa huo, kwa hiyo zilikwenda zote, ila video kubwa nilizirekebisha baadhi kwa programu inayotaka uipe video nyingine nzima iliyochukuliwa na kamera ile ile iige mpangilio wake. Na kulikuwa na rekodi ya mp3 ya marehemu bibi, anasimulia alivyolelewa, saa nzima na ushee. Nikaufuta ule mkia wa jina, nikaiweka kwenye VLC, kimya, kimya, halafu sauti yake ikaingia katikati ya neno. Zimepotea kama sekunde kumi za mwanzo, pale aliponiita jina langu akaniuliza hiki kidude kimewaka au bado.

Basi acheni kraki jamani. Najua utasema huna hela, na mimi sikuwa nazo, na nikalipa mara mbili, kwa mafaili na kwa hela. Kuna programu za bure zinazotosha kabisa kuanzia, tatizo letu tunataka kuonekana wakubwa kabla ya muda. Na sasisho za Windows zile za kweli msiziahirishe, WannaCry, ransomwea nyingine ya Mei 2017, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walishaliziba Machi, miezi miwili kabla. Na bekapu ikishajaa ichomoe, bekapu inayokaa imechomekwa siyo bekapu, nimeshawaonyesha flashi yangu ilivyoliwa. Na paswedi zako zote badilisha kwa kutumia kifaa kingine, maana hivi virusi mara nyingi vinakuja na mwenzao wa kuiba paswedi, mimi siku ya tatu akaunti yangu ilikuwa inawauzia marafiki zangu miwani ya jua.

Mafaili yaliyobaki yamefungwa niliyakopi yote na kikaratasi chake kwenye diski moja, iko kwenye droo, na kila baada ya miezi kadhaa naitoa naipitisha tena kwenye ile programu ya Emsisoft. Bado.

Sasa wewe mdogo wangu wa saa nane usiku, usipige Windows upya kwanza, kata intaneti, fungua kile kikaratasi ushuke mpaka chini kabisa palipoandikwa ID yako, uniandikie herufi mbili za mwisho. Yangu haikuishia na t1. Yako ikiishia na t1 huo ndo ule ufunguo wa akiba, uniamshe hata saa tisa.