Kabla hujanunua kadi ya grafiksi, fungua kesi ya mashine yako kwanza

Juzi Jumanne usiku kuna dogo wa UDOM, chuo kikuu cha hapa Dodoma, kanitumia meseji, namba yangu sijui kaitoa wapi. Kaweka picha ya RX 580, kadi ya grafiksi, yani ile ya kompyuta inayochora picha za gemu na video, imelazwa juu ya kapeti la mtu, chini yake kaandika: "Shikamoo kaka, hii naiuziwa laki mbili na themanini, GB 8, nacheza gemu na nataka nianze kuediti video za harusi, nichukue?"

Nikaanza kumjibu nikafuta. Nikaandika tena nikafuta. Maana hiyo kadi, hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo ya feni, ndo ilinipotezea jina mjini hapa mwaka 2023, na mpaka leo nikipita maeneo ya Kisasa kuna nyumba moja nageuza shingo upande wa pili. Kwaiyo nikaona badala ya kumjibu yeye peke yake niandike hapa mara moja, maana najua mko wengi, mashine moja unataka ikulishe mchana na ikuburudishe usiku.

Mwaka huo nilikuwa na Dell OptiPlex 7010, ile ya kusimama, used ya kutoka nje kama zinazouzwa kila kona. Mashine nzuri tu kwa kazi za ofisi. Mi nilikuwa nakaa Nkuhungu, chumba na sebule, sebule ndo studio. Nikaona jamaa anauza RX 580 Dar, nikatuma hela, kadi ikapakiwa kwenye basi, nikaenda kuipokea stendi ya Nzuguni nimeikumbatia kwenye boda kama mtoto mchanga. Nafika nyumbani nafungua kesi, yani boksi la mashine, pawa sapulai, kile kiboksi kinacholisha mashine umeme, haina waya wa kuchomeka kwenye kadi. Kadi inataka pini 8, sapulai ya Dell ina waya za kuchomeka diski tu.

Hapo ndo mtu mwenye akili angeacha. Mi nikaita fundi. Fundi akaja na adapta, inachukua konekta mbili za SATA, zile za diski, inatoa moja ya pini 8, akachomeka, feni zikazunguka, tukapigana mikono. GTA V ikafunguka, nikaweka kila kitu juu, nikacheza mpaka saa tisa usiku. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Dodoma.

Asa ngoja nikuoneshe hesabu ambayo mi sikuipiga. RX 580 inakula wati 185. Prosesa yangu, i5 ya kizazi cha tatu, inakula 77. Hapo tu ni 262, hujahesabu diski, feni, RAM wala mazabodi (bodi kuu) yenyewe. Na sapulai ya ile Dell imeandikwa pembeni kabisa, kwa stika, wati 275. Halafu hiyo adapta, konekta moja ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54, mbili zinakuwa 108, wakati tundu la pini 8 kwenye kadi lina ruhusa ya kuvuta mpaka 150. Yani unapitisha mzigo wa fuso kwenye daraja la baiskeli. Kwenye gemu iliponea kwa sababu gemu linapanda linashuka. Kurenda, yani mashine inapotengeneza video ya mwisho, hakushuki. Kurenda kunakaa juu saa nzima, mbili, tatu.

Ikaja harusi. Mteja mzuri, kalipa nusu, anataka video nzima pamoja na klipu fupi ya kuoneshwa Jumapili siku ya kuvunja kamati. Jumamosi usiku nikaweka ieksipoti, nikalala kwenye kochi. Saa nane na kitu nikashtushwa na harufu. Kama mtu anachoma mfuko wa plastiki. Mashine kimya, skrini nyeusi, nikafungua kesi na tochi ya simu nikakuta ile adapta imeyeyuka imegandana na konekta ya sapulai, plastiki nyeusi imechuruzika imekauka mfano wa nta ya mshumaa. Ilikuwa imefika asilimia 37. Hiyo namba siisahau.

Faili zilipona, namshukuru Mungu, zilikuwa kwenye diski ya nje. Lakini Jumapili ndo Jumapili. Watu wamekaa, projekta imewashwa, nyama imeiva, klipu hakuna. Mweka hazina wa kamati akaandika kwenye grupu la WhatsApp, na mi nilikuwemo humo humo: "Tatizo tulimpa kazi mtoto wa gemu." Watu wakaweka vicheko. Mtu mmoja tu ndo aliandika pole. Nusu ya hela iliyobaki sikulipwa na wala sikuidai.

Mtoto wa gemu. Nina miaka thelathini na moja na nina mtoto wangu mwenyewe.

Mwaka uliofuata siusimulii, nilikuwa naediti kwa mashine za watu, basi. Nilichofanya ni kusoma. Kila siku nasoma kidogo, na nikagundua nilikuwa nauliza swali kinyumenyume. Nilikuwa nauliza kadi gani ina nguvu kwa hela yangu. Swali la kwanza ni je, mashine yangu inaweza kuilisha na kuibeba? La pili, nitafanyia kazi gani hasa? Bei ni swali la tatu.

Kwaiyo kwanza kabisa: fungua kesi, soma stika ya pawa sapulai. Nitarudia hili mpaka mchoke. Soma stika. Angalia kama ina waya wa pini 6 au 8 wa kadi, wa kwake mwenyewe, sio wa adapta. Kama hauna, una njia mbili: badilisha sapulai, au chukua kadi isiyohitaji waya, mfano baadhi ya GTX 1050 Ti na GTX 1650 ambazo zinakula wati 75 kutoka kwenye mazabodi. Na hizo memori yake ni GB 4, utacheza gemu za wastani na kuediti HD, usinidanganye unataka 4K.

Hapo kwenye 1050 Ti kaa macho. Feki zimejaa. Wanachukua kadi za zamani kabisa za miaka ya 2010 na 2011 wanabadilisha programu yake ya ndani, Windows inasoma 1050 Ti, kumbe ni mzee wa watu. Dalili moja ni tundu la VGA, lile la bluu. Kadi za kizazi cha GTX 10 ziliachana na VGA, ukiliona geuka uondoke. Ya pili, weka GPU-Z, ni programu ndogo ya bure, kadi feki nyingi inaziandikia neno FAKE pale pale mbele ya jina. Dakika mbili tu.

Kingine ni hizi zilizochimba sarafu. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi za grafiksi, wachimbaji dunia nzima wakabaki na mizigo, wakaimwaga sokoni. RX 580 ni mojawapo. Mi sisemi kila iliyochimba ni mbovu, kuna iliyotunzwa vizuri kuliko ya mcheza gemu wa mtaani kwetu anayeweka kesi sakafuni. Ila lazima uipime mwenyewe.

Na mi nilipima. Mwaka 2024, SGR imeshaanza kufika Dodoma, nikapanda asubuhi na SSD yangu (diski ndogo) mfukoni, ndani nimeweka FurMark ya kuitesa kadi, GPU-Z na projekti yangu ya harusi halisi. Nikaenda Kariakoo kwenye duka moja. Nikamwambia muuzaji, mzee wangu nataka RTX 3060 ya GB 12 lakini naomba niitese dakika ishirini hapa hapa. Akanitazama juu mpaka chini. "We kijana unanunua kadi au unaoa?" Nikamwambia vyote viwili, mzee wangu.

Kadi ya kwanza dakika ya nane ikaanza kutoa vidoti vya kijani kwenye skrini, vinacheza kama sisimizi. Nikaikataa. Akanuna. Ya pili ikakaa nyuzi 71, feni haipigi kelele, ikasukuma projekti yangu bila kuganda. Laki saba na ishirini, nikalipa, nikarudi na treni ya jioni. Na kabla ya hapo nilishauza ile Dell nikajenga nyingine yenye i5-12400 na sapulai ya wati 550, maana ningeirudisha kadi ya wati 170 kwenye sapulai ile ile ya 275 ningestahili kuitwa mtoto kweli.

Watu wananiuliza kwanini 3060 wakati 4060 ni mpya zaidi na inakula wati 115 tu. Kwa gemu peke yake wala sibishani na wewe, chukua 4060, au ukitaka nafuu RX 6600 ambayo ni wati 132 na kwenye monita ya 1080p inatosha kabisa. Lakini hizo ni GB 8. Ukifungua taimulaini ya 4K kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuediti, ukapachika rangi na efekti mbili tatu, inakutolea ujumbe kwamba memori ya GPU imejaa, na hapo kasi ya kadi haikusaidii kitu. GB 12 zinakupa pa kupumulia. Ila angalia sana, kuna RTX 3060 ya GB 8 pia, ilitoka baadaye, jina ni lile lile, boksi linafanana. Soma stika. Nimeshasema.

RX 6500 XT kama unaediti usiiguse. Ina GB 4 na haina kabisa sehemu ya kuenkodi video, yani kuibana iwe faili, kazi yote ya kuekspoti itamrudia prosesa.

Sasa hili ndo wengi hawalijui, na mi liliniuma kuligundua nikiwa nishanunua. Kama unaazima kamera hizi mpya zinazorekodi 10-bit 4:2:2, yani zinazohifadhi rangi nyingi zaidi, kadi za NVIDIA (hizi GTX na RTX) kabla ya familia ya RTX 50 haziwezi kuifungua video hiyo kwa maunzi yake. Taimulaini inakwama kwama unaanza kulaumu kadi. Kinachookoa ni grafiksi ya ndani ya prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11, hiyo inaisoma H.265 (aina ya kubana video) ya namna hiyo bila shida. Ndo maana nimesema i5-12400 na sio 12400F. Hiyo F mwishoni maana yake grafiksi ya ndani haipo. Mi nilichukua isiyo na F kwa bahati tu, ya F iliisha dukani, mnaweza kucheka. Na mwenye hela ya kununua mpya sa hivi, RTX 5060 Ti ya GB 16 inamaliza yote, gemu na 4:2:2 humo humo. Mi sina hela hiyo.

Na sisi wa huku kati tuna adui wetu: vumbi. Kuanzia mwezi wa sita upepo ukianza kuvuma, wiki tatu tu feni ya kadi imeota manyoya mekundu. Usiweke kesi sakafuni, puliza kila mwezi, feni uishike kwa kidole wakati unapuliza isizunguke hovyo. UPS nayo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, zile ndogo za 650VA nyingi hazifiki wati 400, ukiunga mashine yenye kadi inayofanya kazi inalia inazima.

Leo hii video ya saa nzima iliyokuwa inanila masaa matano kwenye Dell natoa kwa nusu saa hivi. Mwezi uliopita nimefanya send-off mbili na harusi moja, zote nimekabidhi kabla ya siku. Na kwenye mojawapo nani alikuwa mweka hazina wa kamati? Yule yule. Akanipa mkono, "kazi nzuri fundi." Nikasema asante. Hakunikumbuka. Mi nilikumbuka.

Vijana tuache haraka. Mnapenda kusema nimenunua kuliko nimepima, mnakopa mpaka hela ya ada mnaiweka kwenye feni zinazowaka taa, halafu mnakuja kulia huku.

Basi, dogo wa UDOM, jana nilimwambia kabla ya yote afungue kesi anipigie picha ya stika ya sapulai. Akatuma. Ni HP EliteDesk, ile nyembamba ya kulala, wati 180. Nikamwambia mdogo wangu, achana na umeme, hiyo kadi hata kuingia haiingii, kesi ni nyembamba kuliko kadi. Akakaa kimya kama dakika kumi, naona tu anaandika anaacha. Mwisho akasema: "Kaka nilishatanguliza elfu hamsini, na tangu asubuhi simu yake haipatikani."