Barua kwa mwanangu: kwa nini mjomba wako bado anahema

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, ila joto la huku limezidi hadi baba yako analala sebuleni. Natumai Nakuru kuna ubaridi wa kutosha na wanafunzi wako hawakusumbui sana.

Ujumbe wako nimeusoma. Umeuliza: mjomba alimeza dawa za TB miezi yote sita, makohozi yakapimwa yakawa safi, kliniki ikamwandikia kwamba amepona. Mbona mlipokuwa mkipanda kilima cha Riat alisimama kila baada ya hatua chache, ameshika magoti? Kisha ukaongeza, na najua hukuwa unatania: "Na nyinyi watu wa maabara mmekuwa mkifanya nini miaka yote hiyo?"

Nitaanza na hilo la kwanza, maana la pili limo ndani yake.

Dawa alizomeza mjomba wako ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi miwili, halafu rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne. Kazi yake ni moja, kuua bakteria, na humuua kweli. Ule mkojo wa rangi ya chungwa aliokuwa akiuonea haya ni rifampisini tu ikipita. Lakini bakteria huyu, ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, hana sumu kali kama ya pepopunda au kipindupindu. Sehemu kubwa ya uharibifu mapafuni hufanywa na kinga ya mgonjwa mwenyewe. Unajua mambo ya kijijini mtu akipiga kelele za mwizi usiku: majirani wanafika na marungu, mlango unang'olewa, ukuta unabomolewa, mwizi anakamatwa, na kukicha mwenye nyumba anatafuta pa kulala.

Chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili huingia pafuni kwa wingi, na pamoja na chembe nyingine humwaga vimeng'enya vinavyokata kolajeni, zile nyuzi zinazolipa pafu umbo. Nyuzi zikikatika, shimo linatokea. Shimo likishafunguka kwenye njia ya hewa, bakteria anapata oksijeni, anazaana, na mgonjwa akikohoa anawarushia wenzake. Ndiyo maana nasema uvimbe huu unaoletwa na kinga unamfaa bakteria kuliko unavyomfaa mtu. Dawa zikimmaliza, panabaki kovu, na kovu halivuti hewa. Tena kovu huzivuta njia za hewa zilizo karibu zikatanuka na kulegea, makohozi yakawa yanatuama humo. Hicho ndicho kikohozi cha asubuhi cha mjomba wako. Bakteria hayupo tena, ila alichosababisha kipo.

Sasa, sisi tulikuwa wapi? Nilipoanza kazi, swali lilikuwa jingine kabisa. UKIMWI ulikuwa unamaliza watu, wodi za Russia zimejaa (najua siku hizi ni Hospitali ya Jaramogi, lakini sisi wa zamani hatubadiliki), na TB ilikuwa inapita palipoachwa wazi na kinga iliyoanguka. Chanjo tuliyokuwa nayo ni BCG ya mwaka 1921, ambayo huwalinda watoto wadogo dhidi ya TB iliyo mbaya zaidi lakini haimlindi vizuri mtu mzima mapafuni. Basi kila aliyeomba ufadhili aliandika jinsi atakavyoongeza kinga. Hata mimi niliandika hivyo.

Kisha ARV zikafika. Mgonjwa wa TB anaanzishiwa ARV, virusi vinashuka, CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga, inapanda, sote tunafurahi. Majuma machache baadaye anarudi ana homa, tezi za shingo zimevimba, na picha ya kifua ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Dawa hazikuwa zimeshindwa. Kinga ilikuwa imeamka, ikakuta bakteria tele, ikawavamia bila kipimo. Madaktari huiita hali hiyo IRIS. Mwaka 2018 watafiti wa Cape Town walichapisha matokeo ya jaribio lao: wagonjwa walio katika hatari kubwa walipewa prednisoni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga, kwa majuma manne tangu siku ya kuanza ARV, na hali hiyo ikapungua kwa asilimia 30.

Usikimbilie kusema basi kinga izimwe. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa infliximabu, dawa inayozuia protini moja ya kinga iitwayo TNF, walikuwa wakiugua TB, wengi wao miezi michache tu baada ya kuanza. Wengi wa hao bakteria alikuwa ndani yao siku zote, amezingirwa na chembe, ametulia. TNF ilipoondolewa, akatoka. Kwa hiyo protini hiyo hiyo ikipungua mtu anaugua, ikizidi pafu linaharibika. Mimi kazi yangu imekaa hapo katikati, na nakwambia si mahali pa mtu anayependa majibu ya haraka.

Uliwahi kuniuliza ukiwa mdogo kwa nini nanuka dawa. Damu ya mgonjwa ikifika asubuhi, tunaimimina taratibu sana juu ya kimiminika kizito, mkono usitetemeke, tunaitia kwenye mashine ya kuizungusha. Ikitoka, chembe nyekundu zimekaa chini, maji ya njano juu, na katikati pana utando mwembamba mweupe. Huo utando ndio tunaoutafuta. Tunaunyonya kwa pipeti, tunahesabu chembe, nyingine tunazigandisha kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyingine tunazichokoza kwa protini za bakteria tuone zitatoa nini. Stima ikipotea katikati, jenereta nayo ikagoma, hutaki kusikia lugha inayotumika humo ndani.

Taabu ni kwamba damu ya mkononi haikuambii yote yanayoendelea mapafuni. Ikabidi tutafute maji ya mapafu yenyewe. Daktari hupitisha mrija wenye kamera hadi ndani ya pafu, anamwaga maji ya chumvi, anayavuta tena. Hurudi yana povu, kwa sababu ya ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinate. Ukiweka chembe zake kwenye darubini unaona makrofeji, chembe kubwa zinazokula uchafu, na kwa wanawake wanaopikia kuni, ndani ya hizo makrofeji mna madoa meusi. Ni masizi. Chembe imekula moshi wa jikoni na haina pa kuupeleka. Wenzetu wa Malawi waliyapima masizi hayo wakakuta kwamba chembe zilizojaa hazina nguvu ileile ya kumuunguza mdudu ziliyemmeza. Siku niliyoyaona kwa macho yangu nilimpigia bibi yako simu kuhusu jiko lake. Aliniuliza kama ugali wa gesi huwa na ladha.

COVID ilipoingia, ghafla kila mtu akawa anazungumza habari za uvimbe wa mapafu. Juni 2020 Waingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, steroidi nyingine ya bei ndogo iliyo katika kila duka la dawa hapa Kisumu, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Kwa TB ya utando wa ubongo, dawa hiyo ilionekana kupunguza vifo huko Vietnam mwaka 2004. Kwa TB ya mapafu ya kawaida bado ushahidi hautoshi. Kwa hiyo nakuomba, mtu yeyote asimnunulie mjomba wako vidonge vya steroidi dukani. Najua mke wake ameshashauriwa na mtu.

Kosa letu kubwa kama taaluma, kwa maoni yangu, ni kuhesabu makohozi peke yake. Blantyre, huko Malawi, waliwafuata watu waliomaliza dawa za TB: zaidi ya nusu bado walikuwa na dalili za kifua, na karibu theluthi moja pumzi yao ilikuwa na kasoro kwenye kipimo. Wote hao kwenye daftari ni "amepona". Chanjo mpya ya M72, ambayo Wakenya pia walishiriki kuijaribu, ilipunguza TB kwa karibu nusu katika miaka mitatu, na jaribio lake kubwa lilianza 2024. Naishangilia. Lakini chanjo haitamrudishia mjomba wako pafu, na kupata pesa za kuchunguza watu kama yeye ni shida kuliko unavyodhani.

Mlete Kisumu wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Apulize mashine ya kupima pumzi, apigwe picha ya kifua, na mtaalamu wa viungo amfundishe mazoezi ya kupumua na ya kutoa makohozi. Yanasaidia, si ya kupotezea muda. Sigara aache kabisa, si kupunguza. Kikohozi kikibadilika, au akianza kutoka jasho usiku na kukonda, asingoje tarehe hiyo. Na wakimpima kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria, ikasema ana TB, waambie pia waoteshe makohozi maabara waone kama bakteria yu hai, kwa sababu mashine hiyo huweza kuokota mabaki ya bakteria aliyekwisha kufa.

Nauli yake nitaituma kwa simu yako, si yake, unajua mwenyewe kwa nini.

Mama yako