Nina saratani ya damu, mbona sipewi dawa?

SWALI: Nina miaka 63. Kipimo cha damu kimeonyesha limfositi (aina ya chembe nyeupe za damu) 18,000, nikaambiwa nina lukemia sugu ya limfositi. Sijisikii mgonjwa. Daktari anasema tusubiri. Si ndiyo kunitelekeza huko?

JIBU: Hapana. Tiba ya mapema kwa asiye na dalili haijaonyesha kurefusha maisha, ila madhara ya dawa yanaanza siku hiyo hiyo.

Kwanza hakikisha ugonjwa umethibitishwa: limfositi B za ukoo mmoja (zote zimetokana na chembe moja) zisizopungua 5,000 kwa kila mikrolita, kwa miezi 3 au zaidi, na kipimo cha alama za chembe kikionyesha protini za CD5, CD19 na CD23 kwa pamoja. Damu ya mkononi yatosha. Kutoboa mfupa kutafuta uboho mara nyingi hakuhitajiki.

Kisha pima kila miezi 3 hadi 12. Idadi ya limfositi peke yake isikutishe. Kinachoanzisha tiba ni himoglobini chini ya gramu 10 kwa desilita, chembe sahani (za kugandisha damu) zinazoshuka chini ya 100,000, wengu au mitoki mikubwa mno, limfositi kuongezeka maradufu ndani ya miezi 6, jasho la usiku mwezi mzima, au kupungua uzito asilimia 10 kwa miezi 6.

Siku hiyo ikifika, dai kipimo cha TP53, jeni inayozuia saratani, kabla ya dozi ya kwanza. Ikiwa na hitilafu, kemotherapi ya kawaida haifui dafu. Hutumika vidonge kama acalabrutinib au venetoclax.

Ugonjwa huu hudhoofisha kinga, hivyo homa ya 38 usiilalie: nenda hospitali. Chanjo hai (zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa) ziepuke.