Usikilazimishe kiungo cha resini asubuhi ya Julai

Kisanamu changu cha kwanza cha resini, plastiki ngumu inayomiminwa kwenye kalibu, kilikuja vipande vipande vya kuunganisha, na kilivunjika bega kabla hata sijakipaka rangi. Ilikuwa asubuhi ya Julai hapa Mbeya, majira ambayo ukiongea nje mvuke unakutoka mdomoni na kila mtu Uyole ana koti na kofia ya sufu. Vipande vilikuwa vimelala mezani usiku kucha. Nikashika mkono, nikausukuma kwenye tundu la bega, ukagoma. Nikaongeza nguvu. Tap! Kile kirungu kinachozungusha bega kikabaki tunduni, mkono nikabaki nao mimi. Kifurushi hicho nilikisubiri wiki saba.

Ninawaandikia wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini kwa sababu baridi yetu ina neno lake katika kazi hii. Resini ya kumimina kwenye kalibu si kama plastiki ya ndoo. Ya ndoo hujipinda kwanza, unaona inakuonya. Resini hukatika ghafla, na ikipoa inazidi kuwa rahisi kukatika. Ikipata joto, hulainika.

Kwa hiyo siku hizi sigusi kiungo kabla ya kukipasha. Ninamimina maji ya moto kwenye bakuli na kuyaacha yapoe kidogo, mpaka kidole kivumilie sekunde moja hivi. Maji yanayochemka siyatumii, ingawa hapa kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, si 100. Hata hizo 94 zinatosha kupinda mguu mwembamba. Ninatumbukiza sehemu yenye tundu dakika moja au mbili, kisha ninaingiza kirungu taratibu huku nikizungusha, wala sisukumi moja kwa moja. Kikikaa sawa, ninakitia kwenye maji baridi kishike umbo. Upanga au mkuki uliofika umepinda nao hunyooshwa hivyo hivyo.

Kabla ya hapo vipande vyote vioshwe kwa sabuni ya maji na mswaki wa zamani. Vinakuja na utelezi wa dawa inayopakwa kwenye kalibu, na utelezi huo ukibaki, si gundi si rangi itakayoshika.

Jambo linalovunja viungo vingi kuliko yote, naona, ni rangi. Kiungo kilichoingia vizuri kikiwa kitupu kitabana ukishapiga rangi tabaka mbili, kwa sababu unene umeongezeka kwenye kirungu na ndani ya tundu pia. Ukikilazimisha, rangi inabanduka au shingo ya kirungu inakatika. Jaribu kila kiungo kikiwa kikavu na bila rangi, kisha punguza kirungu kwa msasa wa maji, namba 400 halafu 800, mpaka kizunguke kwa ulegevu kidogo. Ulegevu huo ndio nafasi ya rangi. Msasa huo wanautumia mafundi wa rangi za magari. Mimi wangu ninaununua sokoni Mwanjelwa. Sugua msasa ukiwa umelowa maji, na uvae barakoa. Vumbi la resini si la kuvuta, na watoto wasikae karibu.

Kiungo kikizidi kulegea, paka supa gluu nyembamba juu ya kirungu na uiache ikauke kabisa, kwangu ni usiku mzima, ndipo ukirudishe. Ukikiingiza kabla haijakauka, umekigandisha moja kwa moja. Mafuta ya kula na ya kujipaka siyatumii kwenye viungo, maana yanashika vumbi na kuharibu rangi. Grisi ya silikoni, kidogo sana, inafaa, ila iwe baada ya rangi, kwa kuwa rangi haishiki juu yake.

Na kama kimeshakatika? Gundi peke yake haitoshi mahali panapobeba uzito. Toboa pande zote mbili kwa keekee ndogo ya mkono, tundu la milimita 1, uingize waya wa kibanio cha karatasi. Ili matundu yakutane, weka nukta ya rangi mbichi upande mmoja, gusanisha vipande, na alama itajionyesha upande wa pili. Kisha tumia gundi ya kuchanganya mirija miwili. Katika baridi yetu hiyo hukawia kukauka kuliko ilivyoandikwa kwenye pakiti, kwa hiyo ninaipa siku mbili bila kuigusa.

Bega la yule wa kwanza lina waya huo mpaka leo, na linazunguka. Ila kila Julai, kabla sijambadilisha mkao, ninampulizia kwanza kwa draya ya nywele ya mke wangu, dakika moja, umbali wa shibiri moja.