Bei ya nyumba ikishuka na kazi ikiyumba, linda hela ya mkononi kwanza

Watu wakisikia bei za nyumba zinashuka wanaanza kupiga hesabu, nilinunua kwa kiasi hiki, leo ingeuzwa kwa ngapi, alafu usingizi unakata. Mi nasema hiyo hesabu iweke pembeni. Kama huna mpango wa kuuza na marejesho ya benki unayamudu, hiyo hasara iko kwenye karatasi tu. Kinachomtoa mtu nyumbani kwake ni mshahara kukata, na balaa ni kwamba hivi viwili vinapenda kuja pamoja.

Mi nilikuwa nauza milango na madirisha kwa wakandarasi, mwenzangu alikuwa kwenye ofisi ya udalali wa nyumba. Yaani nyumba tunayodaiwa, mshahara wangu na kamisheni zake, vyote vinategemea watu waendelee kununua nyumba! Soko lilipoanza kulala hakuna aliyetutangazia kitu ila dalili zilikuwepo, kwanza ovataimu ikafutwa, wakandarasi wakaanza kuomba walipe baadaye, wenye mikataba mifupi hawakuongezewa, ndo ikaja zamu yetu. Ukiwa kwenye ujenzi, vifaa, uthamini, mikopo au hata fenicha, utaziona hizi dalili kabla hazijafika kwenye habari, kwa hiyo usisubiri barua ndo uanze kujipanga.

Na hili halikutokea kwetu tu. Marekani bei zilifika kileleni 2006, mpaka 2012 zikawa zimeshuka zaidi ya robo, ujenzi peke yake ukapoteza ajira kama milioni 2 na Oktoba 2009 ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10. Ireland bei zilikatika kwa nusu hivi. Inavyokwenda ni hivi, mafundi wakisimama hawanunui tena, maduka yanapunguza watu, hao nao wanashindwa kulipa benki, benki inanadi nyumba zao kwa bei ya kutupa, na hiyo bei ndo inakuja kutumika kuthamini nyumba yako wewe ambaye hujakosa hata mwezi mmoja.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize. Tulikuwa na akiba kidogo, na karibu kila mtu alitushauri tuitumbukize yote kwenye mkopo ili deni lipungue. Tukakataa. Hela ukishaipeleka benki kupunguza deni hairudi, na mwezi ujao rejesho linakusubiri palepale, kazi ikikata siku hiyo huwezi kumwambia meneja si nilikulipa nyingi mwezi uliopita. Na kukopa upya kwa kuweka nyumba hiyohiyo dhamana inakuwa ngumu maana thamani imeshuka na wewe huna kazi. Kipindi kizuri punguza deni utakavyo. Soko likiyumba hela ikae mahali unapoifikia, hata kama riba ya mkopo inakuuma.

La pili, nenda benki KABLA hujaruka rejesho. Mtu ambaye bado analipa wanamsikiliza tofauti kabisa na aliyejificha miezi kadhaa hapokei simu. Omba waongeze muda wa mkopo, au ulipe riba tu kwa muda, au wakusimamishie kidogo, ila uliza riba inaendelea kuhesabika au la (mara nyingi inaendelea) na chochote mkikubaliana kiwe kwenye maandishi. Na wale wanaojitokeza kusema watakuokolea nyumba ukiwalipa ada kwanza au ukiwasainia hati, kimbia.

Kuuza je? Kama kazi imeondoka na huoni nyingine karibu, uza mapema na uweke bei ya leo. Ukianza na bei ya mwaka juzi utakuwa unashusha kidogo kidogo huku soko limeshakupita, nimewaona wengi. Deni likiwa kubwa kuliko thamani ya nyumba hapo pagumu zaidi, kuuza itabidi uongezee hela ambayo huna, na hata kazi ikitokea mbali unashindwa kuhama. Soma mkataba wako ujue kama unaruhusiwa kupangisha, pia ujue nyumba ikinadiwa salio la deni linakufuata au linaishia hapo, maana sehemu nyingi linakufuata na watu wanakuja kushtuka baadaye.

Sisi hatukuuza. Benki ilitupangia muda mrefu zaidi, ambao kwa jumla ni ghali lakini kwa mwezi unalipika, chumba kimoja tukapangisha (mwenzangu hakupenda, mpaka leo hapendi), na mi nikahamia kwenye ukarabati kwa sababu watu wakiacha kujenga nyumba mpya bado paa linalovuja lazima lizibwe. Hela yake haifikii ya zamani ila inaingia kila wiki.