Je, fundi wa elektroniki anaweza kuingia kwenye satelaiti ndogo za utafiti?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi wa elektroniki, mwaka wa sita sasa natengeneza na kupima bodi za mashine za viwandani. Natamani kuhamia kwenye satelaiti ndogo za kisayansi, ila kila ninayemuuliza ananiambia nikasome kwanza fizikia ya anga. Ni lazima? Halafu kuna jambo linanisumbua: kwa nini baadhi ya satelaiti hizi hurushwa salama, kisha hazisikiki tena?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Nimefurahi umeyaleta maswali haya pamoja, maana jibu la la pili ndilo linalojibu la kwanza. Satelaiti ndogo ikinyamaza, mara nyingi ni kwa jambo ambalo lingeonekana ardhini kama lingepimwa vizuri. Kwa hiyo anayejua kupima anahitajika sana.

Nikueleze niliyoyaona mwenyewe. Satelaiti yetu ilikuwa ya yuniti tatu, yaani michemraba mitatu ya sentimita 10 kila upande, kwa kipimo kilichoasisiwa mwaka 1999 na Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs huko California. Antena zake hukunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni. Satelaiti ikishatoka kwenye kasha lake angani, husubiri dakika 30, kisha rezista ndogo hupata moto, uzi unayeyuka, antena zinafunguka. Mezani zilifunguka kila tulipojaribu. Tulipoiingiza kwenye chemba ya ombwe na kushusha joto hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, hazikufunguka.

Grafu ya volti ilisema yote. Rezista inawashwa, betri iliyopoa inashindwa na mzigo, volti inaporomoka, kompyuta inazimika na kuwaka upya. Ikiwaka inaanza kuhesabu zile dakika 30 tangu mwanzo, kwa sababu hesabu ilitunzwa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Huko juu ingerudia hivyo hivyo mpaka betri iishe, nasi tungekaa kwenye kituo cha ardhini tunaita bila kuitikiwa. Dawa ilikuwa mistari michache ya programu: hesabu iandikwe kwenye kumbukumbu ya kudumu, na rezista isiwashwe mpaka paneli za sola zipate jua na volti ya betri ipande. Aliyetuokoa ni fundi mwenye historia kama yako. Ndiye aliyeng'ang'ania waya wa kupimia volti ya betri uingie ndani ya chemba, wakati sisi wengine tuliona anatuchelewesha.

Fizikia nayo utaihitaji, lakini jifunze ile inayogusa kazi yako. Chukua ASTERIA, satelaiti ya yuniti sita iliyotengenezwa JPL, maabara ya NASA huko California, na kuachiwa kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa Novemba 2017. Ilikuwa inatazama mwanga wa nyota ufifie kidogo sayari inapopita mbele yake. Kwa sayari 55 Cancri e, mwanga hupungua kwa chini ya sehemu moja ya elfu moja. Sasa, pikseli za kamera hazilingani kwa usikivu: nyota ikisogea kutoka pikseli moja hadi nyingine, mwanga utaonekana umebadilika ilhali nyota iko vilevile. Kwa hiyo satelaiti ilipaswa kutulia sana. Gawa digrii moja ya pembe mara 3,600, chukua nusu ya kipande kimoja. Kwa wastani mtikisiko wa ASTERIA haukuzidi hapo kwa dakika 20. Magurudumu yanayozungushwa na mota yaliielekeza satelaiti nzima, kisha jukwaa dogo lililobeba kihisi cha kamera likasahihisha mtikisiko uliobaki. Joto la kihisi nalo lilidhibitiwa hadi sehemu za mia za nyuzi. Nikiisoma ASTERIA naona kazi ya elektroniki na joto, na sayansi imesimama juu yake.

Kwa hiyo shahada ya uzamili ya fizikia ya anga si sharti la kuingia kwenye uunganishaji na upimaji. Ukitaka siku moja kuongoza utafiti wenyewe, hapo utalazimika kurudi darasani. Kwa sasa ongeza lugha za programu: C kwa ajili ya bodi na Python kwa ajili ya data, ujifunze redio kwa vitendo, hata kwa kupokea mawimbi ya satelaiti za wapenzi wa redio kwa antena ya kujitengenezea. Na nafasi nyingi za Marekani hubanwa na sheria za usafirishaji wa teknolojia nje ya nchi. Soma masharti ya uraia kabla hujapoteza wiki nzima kuandaa maombi.

Halafu chagua bodi moja iliyowahi kukusumbua, uandike kurasa mbili: ilikuwa inafanya nini, ulishuku nini kwanza, ulipima wapi, na kipi kilikuthibitishia kuwa umeitibu kweli. Mimi nikiwa kwenye usaili, hizo ndizo kurasa ninazoanza kuzisoma.