Nimenasa kwenye kausha damu, nifanyeje?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Nakaanga samaki hapa Mgandini, Tanga. Nilichukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya marejesho ya kila siku, ya 200,000. Wakakata 20,000 ya fomu, nikapewa 180,000, marejesho 8,000 kila siku kwa siku 30. Biashara ikayumba. Siku ya 18 nikachukua kwingine 100,000, mkononi 90,000, marejesho 6,000 kwa siku 20. Leo ule wa kwanza nimelipa siku 23, wa pili siku tano. Faida haifiki 12,000 kwa siku. Kadi yangu ya benki na namba ya siri wanazo wao. Mume wangu hajui. Je, swala zangu zinapokelewa? Nikope tena niwamalize?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, binti yangu. Swala usiache hata moja. Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba na anayemlisha, kwa hiyo tubia kweli. Lakini aliyekutega ana hesabu yake nzito kwa Mola wake.

Usikope tena. Marejesho yako ni 14,000 kwa siku na faida haifiki 12,000, maana yake kila jioni unawapelekea mtaji, samaki wa kesho. Hapo ndipo mtu anapojua kwamba deni limeshageuka kuwa la kumla.

Sasa chukua daftari tuhesabu. Allah anasema katika Al-Baqara, aya ya 279, kwamba wala riba wakitubu haki yao ni rasilimali zao, wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Rasilimali ni kile kilichoingia mkononi mwako. Wa kwanza alikupa 180,000, nawe umeshamlipa 184,000. Huyo umemaliza! Wa pili alikupa 90,000, umelipa 30,000, anakudai 60,000. Wao watakwambia bado 146,000 kwa mikopo yote miwili. Deni lako mbele ya Allah ni hiyo 60,000, na hiyo ni lazima uilipe.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kununua samaki, pita benki waifunge ile kadi. Usiku huu mwambie mume wako. Najua ni zito, lakini siri hii ndiyo wanayokutishia nayo. Kisha nendeni pamoja, na shahidi, mkaombe kulipa rasilimali tu, kidogo kidogo. Aya ya 280 inaamuru mwenye dhiki apewe muda. Waulizeni leseni, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo. Wakija kubeba vyombo, kimbilieni serikali ya mtaa. Mkilazimika kutoa ziada ili kuepuka madhara, toeni. Maadamu umetubu, dhambi ni ya mpokeaji.

Mkishindwa hiyo 60,000, msione haya kuomba zaka. Wenye madeni wametajwa kwa jina katika At-Tawba, aya ya 60, na hiyo ni haki yao. Njooni msikitini baada ya Alasiri, na daftari mlibebe.

Wallahu a'lam.